Picha ya Dada Isiyofunguka

Usiku wa jana, chai ya jioni haijashuka vizuri tumboni, niliota nimesimama mbele ya picha ya dada yangu ukutani. Yuko mlango wa jikoni kwake kule Mlalo, sinia mkononi. Naibonyeza kwa kidole. Haifunguki.

Jioni ile, kabla sijalala, mjukuu wangu Nuriati alikuwa akipanga picha za ukoo kwenye kompyuta. Anaandika vialama tu, alama ya mshangao, mabano ya mraba na mabano ya duara, picha inageuka mlango: ukiibonyeza, unafika. Na mimi na dada hatujasemeshana miaka kumi na moja. Nilisema pilau ya harusi ya mwanawe haina chumvi. Nilisema mbele ya wakwe.

Basi nabonyeza.

"Utanitoboa jicho," anasema dada ndani ya fremu. "Mimi picha tu. Nitie kwenye mabano."

Mara mlango wa sebule ukajaa. Kwanza akaingia mtu mwembamba kama fito, hana miguu, chini ana kitone.

"Mimi ndiye Mshangao," akasema, wala hakuonekana kushangaa. "Nisipokaa mbele, hii si picha. Na picha isipoonekana, mahali pake tuandike ni nani?"

"Yule."

"Yule ni wengi, bibi."

Jina lile sikuwa nimelitamka tangu harusi. Nikalitaja. "Mwantumu."

Nyuma yake wanawake wawili wa mraba, wanene, wakaikumbatia picha na Mshangao wake huku na huku. Kisha wakaja wawili wa duara, wakauliza.

"Picha inakaa wapi?"

"Ukutani kwangu."

"Ikibonyezwa inakwenda wapi?"

"Ukutani kwangu," nikasema tena.

Nikabonyeza. Nikatokea sebuleni kwangu, nyuma yangu mwenyewe. Niko pale, bado nabonyeza. Kumbe nimeinama kiasi hiki.

"Umetaja inakokaa mara mbili," wakasema wa duara. "Taja inakokwenda, au tukalale."

"Mlalo. Kwa dada. Mlango wa jikoni."

Nabonyeza, hola. Kuku amepita kati ya wa mraba na wa duara, njia imekatika.

"Sogeleaneni," nikawaambia. "Hata sisimizi asipate pa kupita."

Wakabanana. Nikavua ndala kizingitini, nikapiga hodi, nikaingia.

Dada anakoroga sufuria, hageuki. "Karibu. Onja hii."

Nimeonja. Mdomo unataka kusema uongo, unashindwa.

"Haina chumvi, dada."

"Najua. Daktari kanikataza, nina presha. Hata siku ile."

"Mbona hukusema?"

"Mbele ya wakwe?"

Akanisogezea kigoda, akaniongezea ukoko. Nikala wote. Kisha jogoo akawika ndani ya sufuria, na wale wanene wakaanza kuachiana, nikatoka mbio.

Nimeamka jua limeshapanda. Nashusha miguu kitandani, ndala iko moja. Nimetazama uvunguni, nimetazama uani. Ndipo nikainua macho ukutani. Dada yuko vilevile na sinia lake, na pale kizingitini pake ipo ndala moja, ya kushoto, ile ambayo kamba yake niliishona kwa uzi wa bluu.

"Nuriati," nikaita, "jiandae unipeleke Mlalo kwa bibi yako Mwantumu. Nimesahau ndala."

"Lini ulikwenda, Bibi?"

"Wewe jiandae tu. Na chumvi tusibebe."