Madirisha ya Sebuleni

Mkunga alikuja kumwamkia mama yake, akamkuta amelala na koti. Jua la asubuhi lilikwisha panda, lakini kipupwe kilikuwa kimeshika, na bibi wa watu yumo kitandani na koti zito, soksi juu ya soksi, taulo kajifunga kichwani. Hita ya umeme iliwaka miguuni pake, nyekundu kama jicho la mlevi, na bado mvuke ulimtoka mdomoni aliposema.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi. Ndivyo chumba kilivyo."

Mkunga alisogea dirishani. Fremu ilikuwa ile ile ya zamani, ya mbao, imepinda kwa mvua za miaka. Kioo kimoja chembamba, chenye ufa uliobandikwa selotepu. Kila penye upenyo mama alikuwa ameshindilia vitambaa. Upepo ulipopiga, pazia liliinuka taratibu kama kifua cha mtu anayepumua. Mkunga akaweka kiganja pale. Baridi ikamla mpaka kwenye kiwiko.

Hasira zilimpanda.

Maana aliambiwa madirisha ya mama yamekwisha. Kaka yao mkubwa, ambaye mtaa mzima humwita Bosi kwa ajili ya karakana yake ya madirisha, aliwatangazia ndugu wote kwamba mama amewekewa vioo viwili: kioo, hewa iliyofungiwa katikati, kisha kioo tena, na mpira kuzunguka fremu, upepo usipate pa kupitisha hata ulimi. Mkunga alimshukuru mbele za watu, na Mkunga si mtu wa kushukuru ovyo.

Akaenda sebuleni. Kumbe vioo viwili vilikuwa huku, vipana, vinang'aa. Alipofunga mlango, kelele za barabarani zilikatika. Hakukuwa na hita, lakini joto lilikuwa limejikalia humo kama paka, na makochi matupu yakilifaidi.

"Mbona hulali huku?"

"Bosi huleta wateja wake waone," mama alisema kutoka mlangoni. "Anataka pawe nadhifu. Mimi huwachemshia chai. Leo pia wanakuja. Sasa usianze, mwanangu. Kasema zamu ya chumba changu itafika."

Mkunga hakuanza. Alikaa kwenye kochi, akakunja mikono, akasubiri.

Bosi aliingia na mume na mke waliokuwa wakijenga. Mkunga hakumpa shikamoo.

"Wekeni mkono hapa," Bosi aliwaambia wageni. "Mnasikia baridi? Hamsikii. Kuwasha hita penye kioo kimoja ni kuteka maji kwa pakacha. Umeme unalipa wewe, joto wanalifaidi wapita njia. Haya nimemfungia mama yangu mzazi. Mama ni mama."

Mkunga akasimama. "Wageni, karibuni mwone anapolala huyo mama mzazi."

"Mdogo wangu, hayo ya ndani tutaongea baadaye."

"Yamekaa ndani vya kutosha."

Akawatangulia. Wageni, kwa kuona haya kukataa, wakamfuata. Yule mke aliangalia vitambaa, akaangalia hita, akaona koti juu ya mto. Aliweka mkono dirishani bila kuambiwa, akauondoa haraka. Mume wake akakohoa, akasema watapiga simu. Hawakungoja chai.

Mlango ulipofungwa, Bosi aligeuka. "Umenivunjia heshima mbele ya wateja."

"Wewe umemfanya mama bango la biashara."

"Kazi zimenibana. Kinyozi hajinyoi, hujui?"

"Najua. Lakini wewe umejinyoa upande unaoonekana."

Mkunga tayari alikuwa anaburuta kochi kuelekea uani kupisha kitanda cha mama, miguu ya kochi ikikwaruza sakafu.

"Mnanigombania kama mzoga," mama alisema. Hakupaza sauti, lakini kochi lilisimama. "Huyu ananiweka kwenye jokofu, huyu ananianika mbele ya wageni na koti langu. Nani kaniuliza?"

Mkunga alihisi uso ukimchoma. "Haya, Mama. Unataka nini?"

"Nataka kulala bila koti. Kitanda kije huku. Wewe shika huku, na wewe Bosi shika kule. Na mkinigongea ukuta nitawaona."

Wakakibeba, ndugu wawili wenye nyuso za mawe, kila mmoja akitazama upande wake. Walipokitua chini ya yale madirisha mapana, mama alivua koti, akalitundika, akawageuzia mgongo.

Wiki haikuisha, mafundi wa Bosi wakaja kufunga dirisha la chumbani. Yeye mwenyewe hakuja. Mkunga alisimama pembeni akiwaangalia waking'oa mbao zilizooza, wakisimamisha fremu mpya, wakiminya mpira kwa vidole gumba. Walipoondoka alipitisha kiganja pembe zote nne, polepole, akitafuta upenyo, hata wa sindano. Alitamani aupate, ampigie kaka yake simu, amwambie yaliyobaki moyoni. Hakuupata. Kazi ilikuwa safi kabisa, na ilikuwa imechukua asubuhi moja tu.

Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Asubuhi moja, na mama yake alikuwa amelala na koti kipupwe kizima.