Mita Mia Nne

Siku nilipofikisha mita hamsini bila kugusa ukingo wa bwawa, wenzangu walipiga makofi, na Mwalimu Awuor akaniambia, "Haya Mama Queen, sasa kapande boti ukamsalimie mama." Nilikuwa nahema, maji yameniingia puani, lakini jibu nilikuwa nalo tayari. Nikamwambia hamsini hazitoshi, nitakwenda nikifikisha mia.

Mama yangu anaishi Ukerewe, nilikozaliwa. Mtu akisikia natoka kisiwani hudhani nilizaliwa najua kuogelea. Kwetu wavulana ndio walioachwa wacheze majini. Sisi wasichana tulikwenda ziwani na ndoo, tukachota, tukarudi. Baadaye nilihamia Mwanza, nikaajiriwa katika ofisi ya pamba, na kila Pasaka na Krismasi nilipanda meli kwenda kwetu bila wasiwasi wowote.

Kisha ikaja Mei ya 1996. Meli ilizama karibu kabisa na mji, wakafa mamia, na Dorotea alikuwa ndani yake. Dorotea nilikaa naye meza moja ofisini miaka tisa, na tulipunguzwa kazi siku moja. Mimi nilifungua duka la mitumba Mkuyuni, yeye akachagua biashara ya kusafiri, kuleta ndizi kutoka Bukoba. Mwili wake haukuonekana. Nikaapa sitapanda chombo chochote cha majini mpaka nijue kuogelea, na kila aliyenisikia aliona nina akili. Unaweza kuzunguka kwa gari kupitia Bunda, ndiyo, lakini mwisho wa barabara ile kuna kivuko, na kivuko nacho kinaelea.

Hata hivyo nilikaa karibu miaka miwili bila kulowesha hata mguu. Aliyenisukuma ni daktari. Nilikuwa na kilo tisini na nne na presha mia na sabini kwa mia na kumi, kazi yangu ikiwa kukaa kwenye stuli na kula maandazi. Akaniuliza kama nataka kuwaona wajukuu. Nikamjibu kwa hasira kwamba binti yangu Queen hajaolewa bado. Akaandika kwenye karatasi: mazoezi.

Awuor alikuwa mwalimu wa michezo, Mjaluo wa kule Mara, hajafika hata miaka thelathini na tano. Kila Jumamosi, saa nne hadi saa sita, alifundisha wanawake wa makamo kwenye bwawa la hoteli moja kule Capri Point. Ziwani hakututaka, alisema konokono wa kichocho hawachagui umri. Nguo za kuogelea nilileta mimi. Kwenye belo moja la mitumba nilikuta ishirini na mbili, na Mkuyuni hakuna mwanamke aliyezishika hata kwa kidole. Tulizivaa juu ya suruali za kubana, na vichwani tukafunga mifuko ya nailoni kulinda misuko. Wahudumu wa hoteli walicheka mwezi mzima, wakazoea.

Mwezi wa kwanza hatukuogelea. Tulishika ukingo, tukazamisha uso, tukapuliza. "Puliza kama unapooza chai," alisema Awuor. Mwezi wa pili tulipiga miguu tukiwa tumeshika ubao. Alinikataza kuja na tumbo lililojaa viazi, akaniruhusu ndizi mbivu moja saa moja kabla. Maandazi niliyaacha kwa machozi, sitaki kudanganya. Lakini siku nilipolala chali na maji yakanibeba kilo zangu zote, nilifurahi hadi nikacheka peke yangu nikitazama angani.

Miezi minane baadaye presha ilikuwa mia na thelathini na tano kwa themanini na tano, na mita hamsini nilikuwa nazo. Mia nilizipata Desemba. Nikasema ziwani kuna mawimbi, mia za bwawani ni sawa na hamsini, ngoja nifikishe mia mbili. Mia mbili nilizipata baada ya Pasaka. Nikasema mia nne.

Mama alikuwa akituma barua kwa mtu wa boti, zimeandikwa na mtoto wa jirani, pamoja na kikapu cha machungwa. Kila barua iliuliza mita ngapi sasa. Ile ya Mei 1999 ilikuwa fupi: "Jicho la kushoto limekufa. La kulia linafifia, mganga wa hospitali anasema halina dawa. Njoo nikuone wakati bado naona." Niliisoma dukani mara tatu. Nikamwandikia kwamba bado mita themanini tu.

Jumamosi iliyofuata nilimsimulia Awuor. Alikuwa ameinama anaokota mbao. Akaziweka chini.

"Mama Queen, samahani, wewe ni mkubwa kwangu. Lakini kutoka hapa mpaka Nansio, bandari ya kwenu, ni kama kilomita hamsini. Unataka uziogelee zote?"

"Nataka niwe na uhakika."

"Uhakika wa nini? Ulikuja hapa ujifunze ili uende. Sasa unajifunza ili usiende."

Nilimwambia akae na filimbi yake, mambo ya mama yangu aniachie mimi. Nikavaa gauni juu ya nguo mbichi, nikaondoka. Wiki mbili sikutia mguu pale. Dukani niligombana na wateja, na nilinunua maandazi manne nikayala yote. Kilichoniudhi si kwamba alikosea.

Wiki ya tatu nilirudi bila kuomba msamaha, naye hakuudai. Akasema tu, "Leo mia nne," akashika saa yake. Nikaogelea. Nilikuwa namaliza urefu wa ishirini wa bwawa, ule wa mwisho, nilipoona miguu ya Queen ukingoni, na pembeni yake fimbo. Nikashika ukingo nikainua uso.

Mama alikuwa amesimama pale amejifunga khanga mbili, kikapu cha machungwa kimeshikwa na Queen. Alikuwa anatazama bwawani, upande ambao sikuwapo.

"Yuko wapi?" alimwuliza Queen. "Naona vichwa tu."

Nilitoka majini sijui vipi. "Shikamoo mama."

"Marahaba." Aligeukia sauti. Akanishika uso kwa mikono miwili, akausogeza karibu na jicho lake la kulia mpaka pua zetu zikakaribia kugusana. Akaangalia kwa muda mrefu. Kisha akanipapasa mabega na mikono. "Umekonda," alisema. "Mwanangu alikuwa mnene."

"Umekuja na nini, mama?"

"Na boti. Kwani kuna daraja?"

"Na hujui kuogelea!"

"Mimi? Tangu nizaliwe maji hayajanipita magoti."

"Hukuogopa?"

"Niliogopa njia nzima," alisema mama. "Nilikaa chini nikashika kamba. Nilisema nikikusubiri uhitimu, utanikuta nakupapasa tu."

Nililia mbele ya wanawake wote, mfuko wa nailoni ukiwa bado kichwani. Awuor aliniletea taulo. Kwa taulo lile nilimshukuru kuliko kwa mafunzo yote.

Mama alikaa kwangu siku tisa. Daktari wa macho naye alisema yaleyale ya kule kisiwani. Asubuhi alikuwa ananiita nikae karibu na dirisha, ananiangalia, kisha ananiruhusu niende dukani. Siku ya kumi nilimrudisha kwake.

Nilipokanyaga ubao wa kupandia boti nilimwita kijana wa boti. Niliomba boya, nikalivaa, nikalifunga mara mbili. Tulipofika katikati, Mwanza haionekani na Ukerewe haijatokea, nilipiga hesabu za mita zangu mia nne, nikaona hazinifikishi popote. Pengine zingenishikilia mpaka mtu atufikie. Nikamfikiria Dorotea. Niliogopa njia nzima, na mama alisinzia begani kwangu.

Alizinduka mlio wa injini ulipobadilika. "Tumefika wapi?" aliuliza.

Nansio ilikuwa mbele yetu, jua limeiwakia, mabati, miti, watu wamejaa gatini. Nilimwambia, "Si unaona, mama, pale mbele."

Akageuza uso kulia, akageuza kushoto, akaurudisha kwangu. "Niambie wewe," alisema.

Nikamshika mkono, nikaanza kumtajia.