Batu Bane ku Ligne

"Umupige. Na nguvu," Président Phinées akasema. "Hii haiko juu ya yaya yako, iko juu ya équipe."

Joyeuse alikuwa amelala tumbo chini mu matope ya terrain, kule Butembo, sac ya muchanga ingali ku mabega. Asubui ile, mu mazoezi, alikuwa amefika wa ine. Na mu ile équipe, mwenye kufika wa mwisho, benzake njo banamupiga. Président mwenyewe hagusake mutu. Mikono yake safi, sawa ya padiri.

Lusenge, mudogo wa Joyeuse, akakamata courroie, mukanda wa mashini ya kusaga. Ya kwanza akaipiga polepole.

"Lusenge, unabembeleza mutoto?"

Batu ba ku barabara bakacheka. Ya pili ikapasua ngozi. Ya tano Joyeuse akauma majani.

"Unisamehe, yaya," Lusenge akamuambia kisha, anamupanguza damu na singileti yake.

"Ungepiga muzuri tangu mwanzo, tungekuwa tumesha kunywa chai," Joyeuse akajibu.

Bote bane, Joyeuse na Jokébed, Lusenge na Timothée, cartes zao za électeur, vitambulisho vyao, zilikuwa mu sacoche, mukoba wa Président. Alizikamata siku balisaini contrat, eti zisipotee. Na bila carte, barrière ya basoda hata moja hauipite. Basoda banakushusha ku pikipiki, banakuita muasi, na kuanzia pale iko Mungu tu anajua. Mutoto wa Joyeuse alibakia Vuhovi na koko yake, mama muzee. Tangu juma mbili batu ba kule bako nakimbia. Bengine bamekatwa na mapanga mu mashamba yao.

"Mushinde kule Beni," Président alimuambia Joyeuse mbele ya bote, "na jioni ile unakamata carte, unaenda kumutosha mutoto kule."

Siku ya Mungu, dimanche, kule Beni, jua ya kupasua kichwa. Ligi ya équipe mixte iko hivi: banamuke babili, banaume babili, munabeba sac, munavuta pneu, mupira wa gurudumu ya camion, kisha munasukuma chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, yenye sac munane ya ciment. Chrono, saa ya mashindano, inasimama tu wakati mutu wa ine anavuka ligne ya mwisho.

Balikuwa mbele. Ilibakia mètre makumi mbili. Gurudumu ya mbele ikaingia mu shimo, chukudu ikapinduka, ciment yote ikamuangukia Lusenge ku muguu. Muguu ukavunjika na sauti ya kuni kavu. Mufupa ikatokea juu ya soksi.

Timothée na Jokébed bakasimamisha chukudu, bakarudisha sac juu, bakaenda nayo. Joyeuse akabakia na Lusenge.

"Umukokote!" Président akapiga kelele mu mégaphone.

"Hapana, yaya! Uniache! Muite munganga! Nyamuhanga, Mungu wangu!"

Joyeuse akaangalia nyuma. Équipe ya Kasindi ilikuwa inakuja, mètre kumi tu. Akamukamata ku mukono, akavuta. Lusenge akamuuma mukono. Joyeuse akamupiga ngumi mu kinywa, akavuta tena. Muguu ulikuwa unafuata nyuma, unamwanga damu, unarukaruka sawa kitu cha mutu mwengine. Batu bote balikuwa banaimba. Pa ligne, Lusenge hakulia tena.

"Champions!"

Joyeuse akaenda moja kwa moja kwa Président, mukono ungali unatosha damu.

"Carte yangu."

"Mais Joyeuse! Finale iko Butembo, mwezi inayokuja. Nikikupatia leo, utarudi?" Akafunga sacoche. "Kwanza photo. Ba sponsor bako nangojea. Mumusimamishe ule."

"Président, uliapa. Mutoto wangu..."

"Photo, nimesema."

Bakamusimamisha. Timothée ku kwapa moja, Joyeuse ku ingine. Kichwa ya Lusenge ilikuwa inaanguka ku kifua. Jokébed akaikamata ku nywele kwa nyuma, ikanyooka. Bakamuvalisha médaille.

"Mama, ucheke kidogo," photographe akasema. "Bale ba Kinshasa hawapendake sura ya matanga."

Joyeuse akatosha meno.

Photographe akaangalia mu appareil yake, akatikisa kichwa.

"Turudilie. Ule wa katikati, mumuambie afungue macho."