Mgema Akishuka Huita

Hemedy alikuwa dereva wa gari aina ya Noah pale Kibiti, na tangu alipompata yule abiria wa Kitaliano, stendi nzima ilikuwa haikaliki naye. Mama mwenyewe akiitwa Lorenza, mtu wa makamo mwenye mvi alizokataa kuzipaka rangi, na Kiswahili chake alikiokota Unguja alikokaa miaka kadhaa. Kwao Italia kazi yake ni kuwapakia watu kwenye gari na kuwazungusha vijijini kunakolimwa zabibu. Wanapita vilima vilivyopandwa mizabibu mistari kwa mistari kama kichwa kilichosukwa, wanasimama kwa mkulima huyu wakaonja mvinyo wake, wanamsikiliza akieleza babu yake alivyolianza shamba, halafu haoo, kwa mkulima wa pili. Jioni wanalala kwenye nyumba ya mawe juu ya kilima. Hemedy alipoonyeshwa picha hizo kwenye simu aliuliza swali moja tu: yaani watu wanalipa ili wapande gari wakanywe pombe mashambani? Lorenza akacheka, akasema ndiyo, na mwaka wa pili wanarudi na mashemeji zao.

Basi mama akataka kitu cha namna hiyo huku kwetu. Asubuhi wageni waonje tembo bichi la mnazi vijijini, mchana wafike daraja la Rufiji, warudi wale samaki Ikwiriri, kesho yake washuke Nyamisati waingie boti mpaka Mbwera wakaone mikoko. Safari hii ya kwanza ilikuwa ya kupima. Ikimpendeza, Hemedy atakuwa dereva wake msimu mzima, na msimu utakaofuata. Mtu aliyezoea kugombea abiria na bodaboda juani, mwambie nini hapo? Usiku huo hakulala, akaiosha gari mara mbili.

Hemedy hakuwa na haja ya kutafuta mgema. Mjomba wake Haruni, ndugu wa mama yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita, alikuwa anagema kijijini kwao, mwendo wa nusu saa kutoka Kibiti kwa barabara ya vumbi. Hemedy alikula, akavaa na akasoma kwa tembo la mjomba, na alipopata leseni akaanza kuwaambia watu kwamba mjomba wake ni mkulima wa nazi. Sasa tembo lilikuwa limepata heshima ya Wazungu, na yeye akakumbuka ghafla kwamba ni mtoto wa mgema. Loo, binadamu!

Na kile si kijiji cha walevi. Ni watu wa swala tano, na minazi aliyopewa Haruni kugema imesimama katikati ya nyua za watu. Mtu aliye juu ya mnazi anaona kila kitu: ukumbi, jiko, na mabafu ya makuti yasiyo na paa. Ndiyo maana wazee walipomruhusu, miaka thelathini na kitu iliyopita, walimpa sharti moja. Akifika shinani aite, "Mgema anapandaaa!" Asipande mpaka mwanamke wa nyua zile amwitikie, "Panda!" Akishamaliza na miguu yake iko chini, aite tena, "Nimeshukaaa!" Hapo ndipo wanawake wanaendelea na mambo yao. Neno hilo la pili halina kiitikio. Haruni hakuwahi kulikosea hata siku moja, hata kwenye homa, hata wakati wa msiba wa mkewe. Watu waliokuwa hawagusi tembo lake walikuwa wanaliamini neno lake kuliko saa ya msikitini.

Anayeitikia siku zote ni Mwanaamina, mwalimu wa madrasa, mjane, mwanamke asiye na mzaha na mtu. Asubuhi ile Haruni aliita, Mwanaamina akaitikia, mzee akapanda na kotama yake kiunoni, kile kisu chake kilichopinda cha kugemea. Lorenza alikuwa chini anapiga picha, anafurahi kama mtoto. Hemedy alikwisha mtolea na methali, kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, naye akaiandika kwenye kidaftari chake. Haruni akashuka na kibuyu kimejaa, akaita "Nimeshukaaa!" kwa sauti iliyofika mpaka barabarani, akaingia kibandani kulichuja tembo aje amwonjeshe mgeni.

Hapo ndipo Lorenza alipotoa droni kwenye begi. Alisema wageni wake watapenda kukiona kijiji kama mgema anavyokiona kutoka juu, akamuuliza Hemedy kama inaruhusiwa. Aliuliza vizuri, kwa adabu. Hemedy akasema hamna shida.

Mtu mzima, amekulia chini ya minazi hiyohiyo, ameusikia wito ule asubuhi na jioni maisha yake yote! Lakini akilini mwake sharti lilikuwa la mgema, na mgema alikwisha shuka. Kile kilikuwa kidude tu, hakina macho wala ulimi. Kikapanda kikivuma, kikasimama usawa wa makuti, kikageuka polepole upande wa nyua.

Mwanaamina alikuwa bafuni. Alisikia mvumo akadhani ni nyuki wanahama, akainua uso.

Alitoka na khanga imemganda mwilini, maji yanamchuruzika, wala hakupiga kelele. Alikitazama kile kidude kikishuka, akamtazama Haruni aliyekuwa anatoka kibandani na bakuli la tembo mkononi, akaenda zake moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji. Haruni akauliza kuna nini. Hemedy alipomweleza, mzee aliliweka bakuli chini taratibu.

Barazani kwa mwenyekiti watu walijaa kabla ya adhuhuri. Lorenza aliomba radhi mara tatu, akamsogelea Mwanaamina na kuifuta video mbele ya macho yake, machozi yanamlengalenga. Hakuna aliyemlaumu. Walisema mgeni hajui kizingiti cha nyumba, mwenye kujua ni mwenyeji. Walichotaka kujua ni kimoja: mwenyeji gani aliyemwambia arushe? Maana kama Haruni ameita kwamba ameshuka, huku jicho lake amelipandisha kwa mlango wa nyuma, basi ameiuza ahadi ya wazee kwa sifa za Wazungu.

Hemedy alikuwa ameshika funguo za gari. Aliona msimu mzima unamponyoka, aliwaona wale wa stendi wakimcheka, akajiambia ngoja kwanza apate pumzi, atasema. Haruni alimtazama. Alimtazama vile alivyokuwa akimtazama zamani akirudi shule bila viatu, na Hemedy akainamisha kichwa.

"Nilimruhusu mimi," Haruni akasema.

Mwanaamina, aliyekwisha vaa baibui, akasema methali ileile ya mgema na sifa, ila yeye hakuimaliza. Mwenyekiti akaamua mambo yaachwe mikononi mwa wanawake wa nyua zile, kwa kuwa ndio wenye kuitikia. Hemedy akamfungulia Lorenza mlango wa gari.

Walikwenda mpaka wakaliona daraja la Rufiji. Mto ulikuwa umejaa na mpunga wa bondeni umekolea, mandhari aliyokuwa ameipangia maneno tangu juzi, lakini maneno yenyewe hayakuja. Lorenza akasema kile kijiji atakiondoa kwenye njia yake, atatafuta mgema wa mbali na nyumba za watu, na yeye Hemedy kazi yake iko palepale. Hemedy akashukuru. Ndipo mama yule akauliza, bila ukali wowote, kama mtu anayetaka tu kuelewa:

"Ruhusa niliomba kwako. Kwa nini mzee amesema ni yeye?"

Wallahi, hata angemzaba kofi lisingemuuma vile. Hemedy alipunguza mwendo, akaegesha, akaushika usukani kwa mikono miwili. Baadaye akageuza gari. Lorenza hakuuliza wanakwenda wapi.

Walifika alasiri, saa ya mgemo wa jioni. Haruni alikuwa shinani, kibuyu kiunoni, kotama mahali pake. Juu, kibuyu alichokiacha kikikinga tangu asubuhi kilikuwa kimejaa na tembo linachuruzika kwenye shina, nyuki wamekwisha lifuata. Mzee akaita. Nyua zote zilikuwa na watu, moshi ulikuwa unatoka majikoni, mchi ulikuwa unatwanga mahali. Mchi ukanyamaza. Hakuna aliyeitikia. Akaita mara ya pili, na sauti hii ilikuwa inaomba. Kimya.

Hemedy akatoka garini mbio, akasimama kando ya mjomba wake na kuzielekea nyua. Akasema kwa sauti ya juu, ili asikie kila mtu, kwamba ni yeye Hemedy aliyeruhusu kile kidude, kwamba mjomba hakuulizwa wala hakujua, na kwamba mchana alinyamaza kwa sababu aliogopa kupoteza kazi. Aliyasema yote. Alipomaliza alijiona mwepesi. Akadhani sasa litakuja lile neno.

Mwanaamina alitokeza mlangoni. Hakumwangalia Hemedy hata kidogo.

"Kwa hiyo mchana, mbele ya mwenyekiti, ulitudanganya, Haruni?"

"Nilidanganya," mzee akajibu.

"Mimi sikuwahi kukuona ukiwa juu. Nilikuwa nalisikia neno lako tu, ndilo nililokuwa nakwenda nalo kuoga." Sauti yake ilikuwa na huzuni kuliko hasira. "Sasa nitakwenda na nini?"

Akaingia ndani na kuufunga mlango. Kwenye nyua nyingine nako milango ikafungwa, mmoja mmoja.

Hemedy akaanza kulia, akasema mjomba nisamehe. Haruni alimshika bega. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililokuwa baya.

"Neno lako lilikuwa linatakiwa mchana, mwanangu," akasema. "Mchana lingekuumiza wewe peke yako."

Mzee akakifungua kibuyu kiunoni, akakitundika ukutani mwa kibanda. Akaichomoa kotama, akaifuta kwa kitambaa, akaifunga humo. Alikuwa hajaukanyaga mnazi. Tembo liliendelea kumwagika juu ya shina na hakulitazama. Lakini wanawake wale walikuwa wamejifungia ndani, na jua lilikuwa linaelekea kuzama, na kila mmoja alihitaji kuoga kabla ya magharibi. Haruni akazielekea nyua, akaiweka mikono yake mdomoni kama alivyofanya kila siku ya maisha yake, na akaita:

"Nimeshukaaa!"