Besi Isiyo na Vyuma

Dada yangu alilipokea gitaa langu jipya la besi, akaligeuza huku na huku kama anayekagua samaki wa jana, akaniuliza, "Vyuma vyake vimeibiwa?"

"Halina vyuma. Ndivyo lilivyotengenezwa."

"Ndiyo maana likawa rahisi. Kaka yangu, umeuziwa gitaa nusu."

Nina miaka sitini na minne, na besi nimeipiga tangu ndevu hazijaota: kwenye harusi, kwenye kambi za migodi, kwenye baa za njiani ambako unalipwa sahani ya chakula na godoro. Zote zilikuwa na vyuma, vile vipande vyembamba vinavyokatiza shingo ya gitaa. Ukibonyeza uzi nyuma ya chuma, chuma ndicho kinachoiweka sauti mahali pake. Kidole kikikosea kidogo, chuma kinakusamehe. Hii niliyonunua haina msamaha. Shingo yake ni laini kama meza, na kidole kikiteleza, sauti nayo inateleza, inalia kama mtu. Sauti hiyo niliisikia zamani kwenye redio ya dereva wa lori, nikajiapiza kwamba sifi kabla sijaipiga. Ilipotokea moja dukani, ya bei ya chini kuliko zote ukutani, sikungoja ushauri wa mtu.

Bendi ninayopigia ni ya mpwa wangu, mtoto wa dada huyohuyo. Wanamwita Kapteni. Mimi ndiye niliyemwonyesha gitaa linashikwaje, lakini hilo hapendi kulisikia mbele za watu. Kila Jumamosi tunafanya mazoezi mchana kwenye ukumbi wa hoteli, jioni tunapiga.

Mwanzoni besi yangu ilisikika kama mtu anayeongea na blanketi mdomoni. Nikaipeleka kwa fundi redio mmoja, mama mwenye kibanda kati ya fundi cherehani na mshona viatu. Jina lake ni Mama Lehemu, na mikono yake ina alama za moto hadi kwenye viwiko. Tuliitengeneza kidogokidogo. Vigingi vya kukazia nyuzi tulivitoa kwenye gitaa lililokufa, maana vya mwanzo vilikuwa vinalegea wimbo ukiwa katikati. Nyuzi za kukwaruza nikazitoa, nikafunga laini, zisizokula mbao. Mwisho Mama Lehemu akafungua tumbo la gitaa, akaweka sumaku nyingine ya kunasa sauti, akabandika karatasi ya shaba tunduni ili mvumo ufe. Tulipoliunganisha na spika, mshona viatu aliinua kichwa.

"Hiyo sasa inaongea," akasema.

Iliongea kweli. Na hapo ndipo balaa lilipoanza.

Jumamosi ile hatukumaliza hata wimbo wa kwanza. Kapteni aliinua mkono, bendi ikanyamaza.

"Mjomba, uko wapi?"

"Niko hapa."

"Hapa wapi? Sisi tuko hapa. Wewe uko kwa jirani."

Mpiga ngoma akacheka. Tukarudia. Nikaweka vidole penyewe kabisa, na bado sauti ilikaa chini kidogo ya wimbo, kama mguu mfupi wa kiti. Zamani tope la ile sauti ya blanketi lilikuwa linaficha. Sasa kila mtu alisikia.

"Tangu uitengeneze ndiyo imeharibika," Kapteni akasema. "Au tuseme ukweli tu, Mjomba. Masikio yako yamestaafu, wewe ndiye hujapewa barua."

"Chunga mdomo wako, wewe."

"Naongea kwa heshima! Jumamosi ijayo njoo na besi yenye vyuma. La sivyo, dada wa kinanda atapiga besi kwa mkono wa kushoto, na wewe utakaa mbele na wageni, unywe soda."

Yule wa kinanda aliangalia viatu vyake. Mimi nikafunga gitaa langu, nikaondoka; jioni ile walipiga bila mimi.

Nyumbani dada alikuwa ameshapata habari. "Mwanangu ana mdomo, lakini hajadanganya. Hata mlango ukigongwa husikii."

"Nasikia. Sifungui tu."

Nilijibu hivyo, lakini moyoni niliogopa. Nimepoteza nyumba, nimepoteza mke, nimepoteza meno manne, na yote niliyabeba nikaendelea na safari. Masikio yakienda, mimi ni nani? Mzee fulani anayelala chumba cha nyuma kwa dada yake.

Jumatatu nikarudi kwa Mama Lehemu. "Nirudishie sumaku ya zamani," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Ile haikuwa inanisema."

Alinitazama juu ya miwani. "Yaani umewashiwa taa, umeona uchafu, unataka taa izimwe? Kaa hapo. Muziki mimi siujui. Niambie, unajuaje pa kubonyeza?"

Nikamwonyesha nukta nyeupe ubavuni mwa shingo, zile ambazo mpigaji anaziangalia kwa juu. Miaka yote nimezifuata.

"Na kuna mahali pa kupimia? Mahali ambapo hapana ubishi?"

"Nusu ya uzi," nikasema. "Ukibonyeza katikati kabisa, unapata sauti ileile, juu zaidi. Ndipo penye nukta mbili."

Akachukua futi ya fundi cherehani, akanyoosha kutoka kichwani, nyuzi zinapoanzia, hadi darajani, zinapoishia. Sentimita themanini na sita na kidogo. Akagawa, akaweka kucha yake kwenye arobaini na tatu. Kisha akaniita niangalie. Nukta zangu mbili zilikuwa nyuma ya kucha yake, zaidi ya sentimita nzima.

"Hizi hazijafika," akasema.

Hapo nikaelewa, nikaona haya na hasira kwa pamoja. Shingo ile ilitobolewa nukta kama ya gitaa la kawaida. Kwenye la kawaida nukta hukaa katikati ya vyuma viwili, inakuonyesha chumba tu. Ukuta ni chuma chenyewe. Ukiondoa vyuma, kidole lazima kisimame palipokuwa na ukuta. Mimi nikawa nasimama katikati ya chumba na kushangaa mbona sifiki. Anayeanza leo asingekosea hivyo. Ilihitaji mtu aliyezoea miaka hamsini.

"Nilikuwa nasikia, Mama," nikasema. "Kila nilipobonyeza, nilisikia kasoro. Nikasema nukta haiwezi kukosea, basi ni masikio."

"Uliwaamini watu wa kiwandani ukajikana mwenyewe." Alishachukua keekee. "Nikutobolee mpya, mahali pake?"

"Hapana. Hizi zizibe. Na mpya sitaki."

"Utapotea."

"Nimepotea miji mingi, na hakuna niliokosa pa kulala. Ziba."

Akachanganya gundi na unga wa mkaa, akaziba moja moja, akapiga msasa. Shingo ikawa nyeusi tupu, haina pa kuangalia.

Wiki nzima nilikaa jikoni, macho nimefumba. Friji ya dada inavuma sauti moja mchana kutwa. Nikawa naitafuta kwenye uzi mnene mpaka zinashikana, mimi na friji, hakuna anayemzidi mwenzake.

"Sasa unaitumbuiza friji?" dada akauliza.

"Hii haina mdomo kama mwanao."

Jumamosi nikaingia ukumbini. Kapteni aliangalia shingo ya gitaa, akashika kiuno. "Mjomba! Nimesema vyuma, wewe umeondoa hata nukta?"

"Ndiyo."

"Sikio la kufa halisikii dawa."

"Hesabu, Kapteni. Maneno baadaye."

Akahesabu nne. Nikafumba macho. Vidole vilitambaa, masikio yakiviambia songa, rudi, hapohapo. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Kwenye kiitikio niliteleza kutoka chini hadi juu, na yule wa kinanda akasema "Eeh!" kwa sauti. Nikaendelea, halafu kitu kikanichoma. Nikaacha kupiga. Bendi ikasambaratika.

"Umeona?" Kapteni akasema. "Umepotea."

"Sijapotea. Gitaa lako, uzi wa tatu. Umeshuka."

"Wangu?"

"Wako."

Alitaka kucheka. Akaupiga uzi peke yake, na dada wa kinanda akambonyezea sauti hiyohiyo kinandani. Hazikupatana. Ilikuwa tofauti ndogo kama unywele, lakini hakuna aliyebisha.

Kapteni akainama kukaza kigingi, masikio yamemwiva. "Sawa, Mjomba. Leo utapiga. Lakini kwa usalama, weka hata alama ya chaki..."

"Siweki."

"Wageni wakija, taa zikiwa hafifu, utaona nini?"

"Sitazami," nikasema, nikaanza wimbo kabla hajamaliza kukaza.