Nakubaliana na Wenzangu

Miaka yote aliyokaa Mahakama ya Juu pale Dublin, hukumu za Lorcan Devane zilikuwa sentensi moja: "Nakubaliana na wenzangu." Kwa sentensi hiyo alifika kuwa Jaji Mkuu, na kwa sentensi hiyo sasa alikuwa anastaafu. Jaji Gobnait Tuohy ndiye aliyepewa kazi ya kumuaga. Angeambiwa amzike, angekubali kwa moyo mweupe zaidi.

Kilichomkaa rohoni ni kesi ya Attracta Geraghty, mjane wa kisiwa cha Achill, aliyekuwa akitolewa nyumbani kwake ili hoteli ipate maegesho ya magari. Majaji wawili, Gobnait akiwemo, walikuwa upande wa mjane. Wawili upande wa hoteli. Alibaki Lorcan. Gobnait alimfuata ofisini.

"Hii ni dhuluma tupu, Gobnait," alisema Lorcan, machozi yakimlengalenga. "Niko nanyi."

Lakini wiki ile serikali ilikuwa inatafuta Jaji Mkuu, na wenye hoteli walikuwa watu wa serikali. Siku ya hukumu Lorcan aliingia bila kumtazama Gobnait. "Nakubaliana na wenzangu," alisoma, na wenzake walikuwa wale wawili wa hoteli. Nyumba ilibomolewa kabla ya Pasaka. Attracta alifia mjini Castlebar, kwenye chumba cha uani kwa binamu yake.

Sasa ukumbi ulijaa mawakili na majaji. Gobnait akasimama.

"Nimesoma hukumu zote za Jaji Mkuu," alisema. "Nilimaliza kabla chai haijapoa."

Watu wakaangua kicheko. Lorcan naye alicheka, mashavu yamemwiva.

"Hakuna atakayesema Lorcan alimwonea. Wala hakuna atakayesema alimtetea. Sheria ya Ireland anaiacha kama alivyoikuta, hata vumbi hakuipangusa."

Safari hii walicheka wachache. Lorcan aliendelea kutabasamu mpaka mkewe, Fidelma, alipomnong'oneza sikioni; hapo tabasamu likaganda.

Baadaye Lorcan alimkuta Gobnait akivaa koti.

"Umenivua nguo mbele za watu! Nimekukosea nini?"

"Mimi hujanikosea. Mjane wa Achill, je?"

Lorcan alikunja uso, akatafuta kichwani kwa dhati kabisa. "Yupi huyo?"

Gobnait alikuwa na maneno makali aliyoyatunza kwa miaka. Akamtazama mtu mwenyewe, akaona hata kumchukia ni kumpa heshima asiyostahili.

"Nenda kakate keki, Lorcan," alimwambia. "Wenzako wanakungoja."

Akatoka, akaingia mvuani bila kufungua mwavuli.