Kaya ya Mia Mbili na Hamsini

Mimi na Gervas hatuivi chungu kimoja, na sitaki mtu aje kunipamba eti tulipatana. Hatukupatana. Tuliunda kijiji, basi.

Watu wa mjini wakisikia kijiji kipya wanaona ni jambo la makaratasi tu. Wavuke mto wetu mwezi wa tatu ndipo tuongee. Vitongoji vyetu viwili, Majengo na Matongo, viko upande wa msitu wa Mgori. Ofisi ya kijiji, shule na zahanati viko kwa wenzetu kule ng'ambo. Zahanati ile tofali zake tulifyatua sisi. Tuliambiwa ya kwanza itajengwa kwao, ya pili kwetu, tukazichoma tofali, tukazivusha kwa mikokoteni ya ng'ombe. Ya pili tunaingoja mwaka wa kumi na moja huu.

Mwenyekiti wa Majengo ni mimi, Febronia. Mwenyekiti wa Matongo ni Gervas. Yeye chama chake, mimi changu, na huyo Gervas ni mume wangu wa ndoa ya kanisani. Niliondoka kwake miaka kumi na mitatu iliyopita, beseni kichwani, Ritha wetu wa miaka minane nimemshika mkono. Hakunipiga wala hakuleta mke mwingine. Kosa lake ni kwamba kila nilichofanya kilikuwa chake. Nikilima alizeti, ni alizeti za Gervas. Hata zile tofali za zahanati, mia tatu nilizofyatua kwa mikono hii, nilikwenda kutazama daftari la kijiji nikakuta limeandikwa: Gervas, mia tatu. Na hapo nilikuwa nimeshahama kwake miaka miwili. Nikamuuliza karani, akanijibu bila hata kuinua kichwa, mama, kaya yako wewe ni ya Gervas. Roho iliniuma siku ile kuliko siku niliyoondoka.

Masika ya mwaka jana Ritha alishikwa na uchungu, mimba ya kwanza. Mto ulikuwa umejaa. Tulikaa naye kwenye mkokoteni pale ukingoni, mimi upande huu wa mkokoteni, baba yake upande ule, tukiyatazama mabati ya zahanati ile ile. Maji yalipopungua, mtoto alikuwa amekwisha kufa.

Wiki moja baadaye Gervas akaja kwangu. Alisimama nje ya boma, hakuingia, kofia mkononi.

"Mama Ritha," akasema, "kaya za Matongo hazitoshi kuwa kijiji."

"Za Majengo nazo hazitoshi. Unalijua hilo."

"Zikijumlishwa zinatosha."

Nilimwangalia. Mtu huyu tumegombea kisima, tumegombea njia ya ng'ombe, kwenye kampeni amenitukana mpaka akakauka koo, na mimi sikumbakiza. Nikamwambia aingie akae. Uji sikumpa.

Barua ya maombi alituandikia mwalimu Chediel. Anafundisha historia, akatuambia kwamba hata nchi nzima nzima zimeundwa na watu wasiotazamana usoni, kwa hiyo sisi tusione haya. Gervas akacheka, akasema, "Basi tunaunda nchi." Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu kaya zangu.

Tulibishana miezi minne. Ofisi ikaenda Matongo. Nilimwachia, akae na mhuri wake, mradi zahanati ije Majengo. Jina ndilo lililotushinda, kwa sababu yeye hakutaka la kwangu na mimi la kwake nisingelitamka. Mwisho tukakumbuka wenzetu wanavyotuita wakitudharau: watu wa ng'ambo. Ng'ambo ni sisi au ni wao? Tukaamua kijiji kiitwe Ng'ambo, na walioanza kututukana wazoee kuliandika kwenye barua rasmi.

Siku ya uhakiki tulikusanyika kwenye josho la ng'ombe, katikati ya vitongoji. Afisa aliyetoka halmashauri alikuwa binti anaitwa Editha. Alituamkia shikamoo mmoja mmoja, akakaa, akaanza kazi. Alisema masharti tunayajua: kaya zisipungue mia mbili na hamsini, na zihesabiwe zile tu zilizo kwenye orodha tulizotuma. Kusahihisha kunaruhusiwa, kuongeza hakuruhusiwi. Ikipungua hata moja, maombi yanarudi, tutaomba upya baada ya uchaguzi mwingine. Yaani miaka mitano.

Matongo mia moja ishirini na nane. Majengo mia moja ishirini na mbili. Nilishazijumlisha mara mia, zinatimia sawasawa. Watu walikuwa wameanza kunong'ona kwa furaha.

Editha akarudi ukurasa wa kwanza wa orodha ya Matongo. Akauweka kando ya wa kwangu.

"Huku namba moja ni Gervas, na chini yake mke, Febronia. Huku namba moja ni Febronia. Ni mtu mmoja?"

Watu wote pale joshoni waligeuka kunitazama.

"Ni mimi," nikasema.

"Mmeachana?"

"Ndoa ya kanisa," akasema Gervas. "Haivunjwi."

"Basi kwa karatasi hizi ni kaya moja," Editha akasema taratibu, na nikaona hakupenda kulisema. "Zinakuwa mia mbili arobaini na tisa."

Nilichemka. Miaka kumi na mitatu nakoka moto wangu, nafunga mlango wangu, na huyu mtu kila akipewa karatasi ananiandika ndani ya nyumba yake! Sikumficha. Nilimwambia mbele ya watu wote, wazee na watoto:

"Umeniandika tena, Gervas. Hata safari hii."

Mtu mmoja wa Matongo, Urbano, akapaza sauti kwamba dawa ni rahisi: Mama Ritha akubali yeye ni wa Gervas, kisha tumwombe afisa atuvumilie kwa hiyo moja. Nikamwambia Urbano, kijiji nakitaka kuliko wewe, mimi ndiye niliyemzika mjukuu. Lakini nikiingia Ng'ambo ndani ya kaya ya mtu mwingine, nitakuwa nimevuka mto bure. Maombi yarudi kama ni kurudi, tutaomba tena, na nitakuja hapa nikiwa namba moja kwenye orodha yangu.

Ritha alikuwa amesimama nyuma ya wanawake. Alikuwa anamtazama baba yake.

Gervas akainuka. Alikwenda mpaka mezani kwa Editha, mwendo wa mtu anayekwenda kuungama. Akaomba kalamu.

"Kusahihisha kunaruhusiwa, umesema?"

"Kunaruhusiwa, baba. Unasahihisha nini?"

"Huyu hakai kwangu." Akapiga mstari. "Ana kaya yake. Andika mkuu wa kaya, Febronia Enock."

Enock ni baba yangu. Jina hilo Gervas hakuwahi kulitamka tangu siku ya harusi.

Editha akaandika. Akahesabu tena kwa sauti. Alipofika mia mbili na hamsini, wanawake wa Majengo wakapiga vigelegele, na wa Matongo wakaitikia. Nililia, ndiyo. Sikujificha.

Usije ukasema Gervas alinipa kaya. Kaya ilikuwa yangu. Yeye aliacha kuikalia, na nakiri ilimgharimu. Uchaguzi wa kijiji ukifika tutagombea uenyekiti, mimi na yeye, na kwenye kampeni sitamwonea huruma. Ameshanitumia ujumbe kwamba na yeye hatanionea.

Zahanati tumeanza kuifyatulia tofali. Jumatatu Gervas alileta watu wake arobaini, akanisalimia, "Mwenyekiti." Nikamjibu, "Mwenyekiti." Jioni karani wetu mpya, Frank, akasimama juu ya jiwe kusoma daftari la Ng'ambo.

"Febronia Enock, tofali mia tatu."

Nikamwambia arudie, kwa sauti, wa Matongo wasikie.